Odera Azikwe au Asizikwe

Mashine ya kusaga unga pale Mamboleo, ile iliyo nyuma ya wauza mahindi, ina kelele za kukufanya usisikie hata anayekutukana usoni. Emmaculate Naswa aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mteja akifika alimpa ndoo yake, akanyoosha vidole kuonyesha ni mikebe mingapi ya gorogoro, kisha akakaa kwenye benchi nje. Hapakuwa na habari za asubuhi wala za siasa. Mahindi yakishaanza kushuka, Naswa alikuwa na dakika nane au tisa ambazo hakuna binadamu angeweza kumsemesha, na dakika hizo alizitumia kuandika kwenye simu, unga ukimfunika vidole na nyusi hadi akafanana na mtu aliyezeeka ghafla.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, Mbukusu wa upande wa Bungoma, na Kisumu alikuwa amekaa kumi na moja. Alipanga chumba kimoja Migosi. Kijaluo alikisikia vizuri kuliko alivyokisema, na wateja walijua hilo, kwa hiyo walipotaka kumsengenya walishuka hadi kwenye mafumbo. Alifurahia kuyafumbua. Mwanamke huyu alikuwa na udadisi ambao mama yake alizoea kusema utamtia matatani siku moja, na ukweli ni kwamba ulikuwa umeshamtia mara nyingi.

Hadithi yenyewe hakuianzisha yeye. Redio moja ya hapa mjini ilikuwa na mchezo wa kila Ijumaa jioni, Hoteli ya Atis. Atis alikuwa mama mwenye hoteli ndogo Ahero, mchangamfu, mkali kwa wanaokula bila kulipa, na mumewe Odera alikuwa dereva wa lori la kwenda Juba. Watu walifunga vibanda mapema ili wasikilize. Kisha redio ikapata wenyewe wapya, na wapya hao hawakuwa na haja na michezo. Kipindi cha mwisho kiliisha Odera akiwa ametoka nyumbani siku arobaini, simu yake haipatikani, Atis amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ijumaa iliyofuata pale pakawekwa muziki.

Mashabiki walikasirika sana. Walifungua kikundi cha WhatsApp wakakiita Familia ya Atis, wakaandika barua kwa redio, hawakujibiwa. Ndipo Naswa, siku moja unga ukishuka, akaandika ukurasa mmoja wa kinachoweza kuwa kimefuata. Akauweka pale kwa mzaha. Kufika jioni watu mia moja na arobaini walikuwa wameusoma na wote walikuwa na neno.

Tangu siku hiyo akawa na deni la sura moja kila Ijumaa. Hakulipwa kitu. Alilipwa kwa malalamiko, na malalamiko yalikuja kwa debe. Sura ni fupi. Sura ni ndefu, bando imeisha. Mbona Atis amepika omena bila nyanya? Mbona Atis amevaa kijani na kwenye kipindi cha kumi na mbili alisema kijani humtia kichefuchefu? Kuna aliyetaka mapenzi zaidi, kuna aliyetishia kumripoti kwa padri mapenzi yakizidi. Akichelewa nusu saa, walituma picha za saa za ukutani. Aliwahi kuumwa na malaria, akawaambia, na mtu mmoja akajibu pole dada, basi tupe hata nusu.

Mwanzo alilia. Nasema ukweli, alilia juu ya magunia ya watu. Baadaye udadisi ukamwokoa. Alianza kuwauliza wale wakali, mmoja mmoja, faraghani: wewe unafanya kazi gani? Aliyekasirika kuhusu nyanya alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Aliyehesabu siku za safari ya Juba akasema zimepungua mbili alikuwa turniboi wa zamani, msaidizi wa dereva wa lori. Aliyechukia vile Atis alivyozungumza na mamake mkwe alikuwa mamake mkwe wa mtu. Naswa akagundua kwamba watu hawalalamiki ovyo. Kila mmoja analalamika pale ambapo maisha yake yamepita. Tangu hapo kila lalamiko lilimjia na swali lake nyuma, na alikuwa akilifungua kwa hamu, huku akijiambia kuwa hajali. Alijali sana. Ile hadithi ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichokitengeneza akakiona kinasimama, na aliogopa siku watakayoamka wote wamwache.

Sura ya hamsini na moja nusura ilete siku hiyo.

Katika sura ile, Naswa alimpa Atis mchumba. Alikuwa mwalimu mpole aitwaye Wechuli, mla chapati nne kila asubuhi, na msomaji makini angeona kwamba Mbukusu huyo ameingia Ahero kwa mlango wa nyuma. Odera alikuwa amepotea miaka mitatu sasa kwenye hadithi. Naswa aliona miaka mitatu inatosha. Atis akakubali posa, wakapanga harusi ya Desemba, na Naswa akabonyeza kutuma akijiona mwema.

Simu yake ilitetemeka hadi ikaanguka ndani ya ndoo ya mteja.

Jumamosi asubuhi Calvince mwenyewe alifika kwenye mashine. Huyu ndiye alikuwa msimamizi wa kikundi, fundi wa kuchomelea milango, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na vyuma. Alibeba gorogoro moja ya mahindi kama kisingizio. Naswa akazima mashine.

"Mwandishi," Calvince alisema, "umetuaibisha."

"Kivipi, Bwana Calvince? Mama wa watu amengoja miaka tatu. Aolewe tu."

"Aolewe na nani akiwa bibi ya mtu? Odera amezikwa?"

"Atazikwaje na mwili hakuna?"

Calvince akamtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye boma bila kujua.

"Unaona sasa? Hapo ndio umekosea. Kwetu mtu akipotea kabisa, akipotelea vita ama maji ama hizo mambo ya Sudan, tunamzika na yago."

"Yago ni nini?"

"Si ile tunda kubwa, inaning'inia kwa mti kama mkono ya mtu? Ndefu, ngumu, haikuliki. Hiyo tunaichimbia kaburi, tunaiweka mahali ya yeye. Tunalia, tunakula, tunamaliza. Sasa bibi yake ni mjane, anaweza kuendelea na mambo yake. Bila hiyo, kila kitu kwa hiyo boma imesimama. Hata mtoto hawezi toka kwa baba yake kujenga."

Naswa alikuwa ameona mti huo mara ngapi, na matunda yake marefu ya kijivu, na hakuwahi kuuliza. Alijisikia vibaya. Wakati huohuo moyo ulimpiga kwa furaha ya ajabu, kwa sababu hiki kilikuwa kitu kizuri kuliko chochote alichokuwa amekibuni mwaka mzima.

"Nani huichuma?" aliuliza. "Huvalishwa? Pasta hukubali kuja?"

"Wewe andika tu mazishi," Calvince alisema. "Ijumaa. Ukikosa, watu wanatoka. Mimi sitawashika."

Akaitisha kura kwenye kikundi siku hiyohiyo. Odera azikwe au asizikwe. Kufikia Jumapili usiku, azikwe walikuwa mia mbili na saba. Asizikwe alikuwa mmoja.

Huyo mmoja hakuwa na jina wala picha. Hakuwahi kusema lolote kikundini tangu aingie. Ila usiku ule alimwandikia Naswa pembeni, neno moja tu: "Usimzike."

Jumatatu akaandika tena. "Weka simu yake iite. Hata mara moja." Jumanne: "Lori zikitoka Nimule, pale mpakani, madereva huazimana simu. Anaweza azima." Halafu: "Harusi toa. Sema ilikuwa ndoto ya Wechuli." Halafu, baada ya saa moja: "Tafadhali. Ukimzika Ijumaa utaniharibia."

Utaniharibia. Naswa alilisoma neno hilo mahindi yakishuka, akalisoma tena wakati mteja anapiga ndoo yake teke kumwonyesha kuwa yameisha. Wengine walitishia kuondoka. Huyu alikuwa na kitu cha kuharibika. Kitu gani? Aliuliza, "Wewe ni nani?" Hakujibiwa. Aliuliza anafanya kazi gani, lile swali lake la siku zote. Kimya.

Basi akafanya kile ambacho kila Mkenya hufanya akipigiwa na namba asiyoijua. Alifungua M-Pesa, akaandika namba ile, akaweka shilingi kumi, akasubiri jina litokee kabla ya kuthibitisha. Likatokea: Dorca Akello. Akakata kabla hazijakwenda.

"Mama Dorca," aliandika, "habari yako. Nikimzika Odera nitaharibu nini?"

Jibu lilichukua siku nzima. "Kuja Kisian uone. Uliza mahali pa miche, upande wa juu ya barabara. Usipige simu, inashikwa na mama."

Sentensi ya mwisho haikuwa na maana yoyote, na kwa hiyo ilimnyima Naswa usingizi. Alhamisi stima ilipotea Mamboleo tangu saa moja asubuhi. Mashine bila stima ni chuma tu. Naswa akafunga mlango, akajipangusa unga, na saa nane mchana alikuwa Kisian, akiuliza mahali pa miche.

Kabla hajafika, msichana mmoja alimkimbilia kutoka kati ya mistari ya miche ya maparachichi, kandambili zikipiga kelele, kanga imefungwa kifuani. Alikuwa wa kama miaka ishirini na tano.

"Ni wewe Naswa? Nilijua. Uko na unga kwa sikio." Alimshika mkono akamvuta nyuma ya pipa la maji. "Mimi ni Winny. Ni mimi naandikanga. Simu ni ya mathe."

"Mathe ni Dorca?"

"Mama ya bwanangu. Macho yake imefunikwa, hiyo ya mtoto wa jicho, haoni herufi. Mimi ndio namsomea. Kila Ijumaa, tukimaliza kukunywa chai. Sasa nisikize. Usikasirike."

Na pale, nyuma ya pipa, Naswa alisikia habari ambayo hakuwa ameiota. Mume wa Dorca, ambaye wote walimwita Baba Dalmas, alikuwa turniboi, halafu dereva, na miaka sita iliyopita alikwenda Juba na mzigo wa sabuni. Hakurudi. Lori halikurudi. Shemeji ya Dorca, Okinyi, alikuwa ameomba mara tatu wamzike kwa yago, na mara tatu Dorca aliwafukuza wazee. Alisema akirudi akute kaburi lake, atalala wapi? Basi boma likasimama. Dalmas, mtoto wa kwanza, hakuweza kutoka kujenga kwake, maana wa kumtangulia kwenye kiwanja kipya, jogoo mkononi, ni baba, na baba akifa mdogo wake huchukua nafasi. Lakini baba huyu hakuwa hai wala hakuwa maiti. Dalmas na Winny walikuwa na watoto wawili ndani ya simba, kile kibanda cha kijana asiyeoa.

"Kwa hivyo wewe ndio ungefaidika," Naswa alisema. "Akizikwa mnajenga. Mbona unaniambia nisizike?"

Winny alitazama chini.

"Ile chapta ya kwanza kabisa, penye ulisema simu ya Odera imezimwa kabisa, nilimsomea vile umeandika. Mathe hakukula siku mbili. Sasa ya pili nikasema simu iliita, ila haikushikwa. Akakula. Ya tatu nikasema mtu alimwona Nimule." Aliinua macho. "Chapta yako, mimi huwa nachukua tu mwanzo. Mengine naweka yangu."

Mwaka mzima hapa Kisian palikuwa na Hoteli ya Atis nyingine, ambayo hakuiandika yeye, na msomaji wake mmoja. Alipaswa kukasirika. Badala yake alihisi wivu, wivu safi wa fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake.

"Na hamsini na moja? Harusi?"

"Hakuna harusi. Odera alipiga kutoka Nimule na simu ya kuazima. Akasema, 'Atis, nisikize.' Halafu netiwaki ikapotea."

"Ikapotea hapo?"

"Hapo."

"Winny," Naswa alisema polepole, "hiyo ni nzuri kushinda yangu."

"Lakini sasa imenishinda! Jumapili huko kanisani mama mmoja alimwambia Atis anaolewa. Mathe akamwambia wewe ni mwongo, Odera amepiga simu. Nusura wapigane kwa mlango wa kanisa. Ukimzika kesho, kila mtu Kisian atamwambia. Atajua nimemdanganya mwaka mzima, na mimi ndio macho yake."

Hapo ndipo Naswa alipoelewa kilichokuwa kinaharibika, na akatamani asingekuja. Mia mbili na saba wanataka kaburi kesho. Na hapa, hatua thelathini kutoka aliposimama, ameketi mtu ambaye kaburi hilo ni lake.

"Winny! Ni nani huyo unaongea na yeye?" sauti iliita kutoka kivulini.

Dorca Akello aliketi kwenye kiti cha plastiki, akijaza udongo kwenye vifuko vya miche kwa mikono isiyohitaji macho. Alikuwa mwembamba, amenyooka, kitambaa kimefungwa barabara kichwani. Alijaza, akagonga kifuko chini mara mbili, akakipanga, akachukua kingine.

"Ni mgeni, mama," Winny alisema kwa sauti nyembamba. "Ni ule wa... ni yeye anaandikanga Atis."

Mikono ya Dorca ikasimama.

"Wewe? Bi, nyathina. Kuja, mtoto wangu, kaa hapa karibu." Alimpapasa mkono hadi akaupata, akaushika, akasugua kidole gumba juu yake. "Hii ni mkono ya kazi. Mimi nilifikiria mwandishi ni mtu ya ofisi. Umetoka wapi?"

"Mamboleo, mama. Nasaga unga."

"Na ni wa wapi?"

"Bungoma."

"Ndio maana Wechuli anakula sana," Dorca alisema, na Naswa akacheka bila kutaka. Kumbe hilo Winny alikuwa amelisoma jinsi lilivyo.

Dorca hakuuachia mkono.

"Mimi niko na swali moja, na ni vizuri umekuja mwenyewe, kwa sababu hii msichana nikimuuliza anasema ngoja Ijumaa. Odera alisema, 'Atis, nisikize.' Alikuwa anataka kusema nini?"

Winny alikuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole mdomoni. Naswa alimwona, akautazama uso wa yule mama uliogeuzwa kidogo pembeni, sikio mbele, kama wanavyogeuka wasioona. Wasomaji walikuwa wamemdai mengi: nyanya, harusi, makaburi. Hakuna aliyewahi kumdai kitu hiki. Angeweza kusema lolote, na lingeaminiwa, na hilo lilimtisha.

"Hapo sijaandika, mama," alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu. "Wewe unafikiri alikuwa anataka kusema nini?"

"Mimi ndio nikuandikie?"

"Nisaidie tu. Mimi sijawahi kaa na dereva."

Dorca alicheka kidogo. Kisha akaurudisha mkono wake kwenye udongo.

"Hawa wanaume wa barabara hawaanzi na maneno kubwa. Angeuliza ng'ombe kwanza. Ng'ombe imezaa? Halafu mvua. Halafu angesema, credit ni ya mtu, wacha niharakishe, na hapo ndio angeanza kuongea polepole." Aligonga kifuko. "Angeuliza watoto. Angesema, 'Dorca, huyo kijana yangu sasa ni mwanaume. Dalmas amejenga wapi?'"

Hakusikia kwamba amesema Dorca. Au alisikia akaliacha.

"Amejenga wapi," Dorca alirudia. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo na hakuumwaga popote. "Atauliza hivyo. Lazima aulize hivyo, hiyo ndio kitu alikuwa anaongea kila siku, vile atamtolea Dalmas boma, vile atabeba jogoo mwenyewe. Sasa mimi nitamwambia nini? Nimwambie ako kwa simba na bibi na watoto wawili kwa sababu ya wewe? Kwa sababu nakungoja?"

Lori lilipita barabarani likielekea Busia, na wote watatu wakalisikiliza hadi likapotea.

"Atakasirika," Dorca alisema. "Atakata simu mwenyewe."

Akaumwaga ule udongo mapajani mwake, kwenye rinda safi, akalia. Hakulia kwa sauti. Winny alipiga magoti akamshika kiunoni na kusema mama, mama nisamehe, mimi ndio nilisema amepiga, na Dorca akampapasa kichwa akimwachia udongo kwenye nywele, akamwambia anyamaze. Naswa naye alilia, mgeni wa nusu saa, na hakuona aibu.

Baada ya muda Dorca alijifuta uso kwa kiwiko.

"Winny. Pigia Okinyi simu. Mwambie atafute yago."

"Mama, si lazima leo—"

"Piga."

Halafu akageuza uso wake kuelekea pale Naswa alipokuwa, akakosea kidogo, akaongea na hewa ya kushoto kwake.

"Na wewe mwandishi. Wako usimzike kesho. Ngoja kwanza mimi nizike wangu, ndio ujue vile inakaa."

Okinyi hakutaka kumpa shemeji yake nafasi ya kubadilisha nia. Alisema Jumamosi hiihii. Mwili wa kutoa mochari haukuwepo, jeneza halikuhitajika, na yago alijua mti ulipo kwa miaka sita sasa. Pasta wa Dorca alisema yeye haombei tunda. Katekista wa kanisa jingine alisema yeye anaombea wafiwa, na wafiwa wapo.

Kwa hiyo Ijumaa Naswa hakufungua mashine. Alikuwa Kisian tangu asubuhi, kati ya wanawake asiowajua, akimenya viazi na kuuliza maswali hadi mmoja akauliza kama huyu ni wa gazeti. Jioni simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Alijua ni nini. Calvince alikuwa ameandika, "Saa ndio hii. Wapi mazishi?" na chini yake zimefuata picha za saa za ukutani, kumi na mbili, kumi na tano, ishirini.

Naswa alipangusa mikono. Aliandika, "Leo hakuna sura. Niko matanga Kisian. Tunamzika mtu kwa yago."

Kikundi kilinyamaza. Hakikuwahi kunyamaza namna ile tangu kifunguliwe. Kisha Calvince akaandika, "Pole sana. Ni nani wako?"

Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwishowe alituma, "Ni mume wa msomaji wetu," na pole zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, za yule mpishi wa bweni, za turniboi, za mamake mkwe wa mtu, na hakuna hata mmoja aliyemdai kitu.

"Mwandishi!" Dorca aliita kutoka ndani. "Kuja, si ulitaka kujua?"

Yago lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, refu, zito, rangi ya majivu. Winny alikuwa amekaa upande wa miguu, ikiwa ni miguu. Dorca alifungua mfuko wa nailoni akatoa shati la mikono mirefu lililokunjwa miaka sita, akalinusa, akaanza kulivalisha. Hakukubali kusaidiwa. Vidole vyake vilitafuta vifungo kimoja kimoja kutoka chini, vikavifunga vyote, vikafika cha juu, vikakiacha.

"Hiyo ya juu imebaki, mama," Winny alinong'ona.

"Hiyo hakuwanga anafunga," Dorca alisema. "Alikuwa anasikia joto."